Aitikaye Hajapotea

Mzee Vuai bin Dadi alikufa asubuhi, kabla ya kunywa uji wake, na jambo hilo peke yake liliwatosha watani wake kwa mzaha wa mwaka mzima.

"Mchoyo huyu!" Siwema alisema, kajilaza chali mlangoni ili jeneza lisipite. "Kafa na njaa makusudi, ili sisi wageni tuone haya kula. Hatoki mtu hapa. Kunguru tunataka kuku wetu kwanza. Na awe mtetea! Jogoo wa Popo hawana nyama, wana kelele tu."

Waombolezaji wakacheka huku wanalia, na ndivyo ilivyotakiwa. Tangu bahari ilipopanda, na watu wa pwani nao wakapanda, wakaja kung'ang'ania ubavu wa mlima wa Mwinamo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, koo zao mbili zilikuwa zikitaniana. Popo waliitwa Popo kwa kuwa walifika usiku. Kunguru walifika mchana, na makelele yao yalitangulia. Popo akifa, Kunguru humsimanga mpaka kaburini. Msiba bila mtani ni mchuzi bila chumvi.

Siwema alikuwa msusi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini watu walimjua zaidi kwa mdomo. Alimwiga mbuzi akiungua na pilipili, alimwiga mkunga, alimwiga mshenga wa harusi aliyelewa. Kila mtu alikuwa na zamu yake mdomoni mwa Siwema. Mmoja tu alikuwa hagusiki: Mfalme.

"Dada," akasema Machano, mdogo wake wa baba mmoja, aliyekuwa ameshika mguu wa jeneza. Masikio yake makubwa yalikuwa yamesimama kama kawaida, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta balaa. "Mbona marehemu hajapewa heshima? Muite kama anavyoita yule wa juu."

"Unataka nizibwe koo?"

"Tuko ndani ya ua. Nani atasema? Marehemu?"

Watu wakacheka tena. Siwema akatazama huku na huku. Akasimama, akatoa tumbo mbele, akakunja kidevu, akayaachia maneno yaanguke moja moja kama mtu anayetema kokwa za tende.

"Vuai... bin Dadi."

"Labeka," likajibu jeneza.

Kijana mmoja alicheka peke yake, akadhani ni ufundi mwingine wa Siwema, kisha akaona uso wa Siwema akanyamaza. Waliobeba wakaliteremsha jeneza polepole. Bi Mboni, mjane, akatoka kwenye mkeka wake akaja akafunua sanda usoni.

"Baba Kesi? U mzima?"

Kimya.

"Muite tena," akamwambia Siwema.

"Bibi, nisamehe, ulikuwa utani..."

"Nimesema muite."

Siwema akaita, safari hii kwa sauti ndogo, lakini ilikuwa bado sauti ya Mfalme. Taya la Mzee Vuai likacheza. Pamba ikasogea. "Labeka," akasema, vizuri kabisa, kama alivyoitika kila asubuhi ya maisha yake.

Hapo ndipo Fundi Simai, fundi wa punje, alipoanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlango wa uani, na Machano akamdaka kanzu.

Mlimani Mwinamo neno koo lina maana mbili, na zote mbili zilikuwa mali ya Mfalme. Koo za nasaba alizihesabu, na koo la shingoni mwako alilitia punje. Kila mtoto alitiwa akiwa na siku saba: kidude kidogo kama chembe ya mchele, kinachokunywa joto la mwili na kushika misuli ya sauti. Kililala mpaka kisikie sauti moja tu duniani, sauti ya aliyekaa kwenye kiti. Ikitaja jina lako, koo lako liliitika, upende usipende, uwe macho au umezimia. Ikisema "Enyi watu wangu," mlima mzima uliitika kwa pamoja.

Na haikuanza kwa ubaya. Hilo ndilo lililowauma watu baadaye. Mfalme wa kwanza aliona jinsi mlima ulivyopenda kuporomoka na kumeza nyumba, akatafuta njia ya kuwaita waliofukiwa. Alikuwa akishuka mwenyewe na viatu vya matope, anaita jina, anatega sikio, anasema, "Chimbeni hapa." Siwema mwenyewe alitolewa hivyo, mchanga, baada ya matope kumla mama yake. Neno lake la kwanza duniani halikuwa mama. Lilikuwa labeka. Maneno ya mfalme yule yalichongwa kwenye jiwe la sokoni: AITIKAYE HAJAPOTEA.

"Kazi yako, Fundi," Machano akasema, "ni kutoa punje kabla maiti hajaoshwa. Ulisahau?"

"Sikusahau." Fundi Simai alikuwa akitazama miguu yake. "Tumeambiwa tusitoe. Mpaka Sikukuu ya Enzi ipite. Mfalme Mwinyikai anataka aitikiwe na watu laki moja mbele ya wageni, na walio hai... hatufiki. Punje hudumu siku kadhaa hata mwili ukipoa. Mimi nina watoto, jamani."

"Wangapi mmewazika hivyo?" Bi Mboni akauliza.

Uani, watu wakaanza kuhesabu wenyewe, kila mmoja wafu wake. Ungeona midomo ikicheza tu.

"Itoe," Bi Mboni akasema.

"Bibi, amri..."

"Itoe, Simai. Mimi nimemwitikia mwanamume huyu maisha yangu yote, na yeye kaniitikia. Sitaki aende kulala na mwito wa mtu mwingine kooni."

Akaitoa. Ilikuwa ndogo sana. Bi Mboni akaitia kwenye kinu akaitwanga mwenyewe, na Siwema hakutaja tena habari za kuku.

*

Sikukuu ya Enzi iliamka na mvua.

Jukwaa la Mfalme lilikuwa limekatwa ubavuni, juu ya mtaa wa Shimoni, mahali ambapo hata mbuzi hakanyagi mara mbili. Wachimbaji walisema udongo umeshiba maji. Waliambiwa Mfalme lazima asimame juu ili wageni wamwone. Machano alikuwa mmoja wao, na asubuhi ile alipita kwa dada yake, akaiba kitumbua kwenye sahani, akasema, "Leo tunamalizia ngazi. Nikirudi unipunguze nywele, zinafunika uzuri."

"Punguza masikio kwanza," Siwema akamwambia.

Hicho ndicho alichomwambia. Alikuwa kamshika mteja, misuko miwili imebaki, pale mlima ulipojikohoza. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama gunia linaburutwa na mtu mvivu. Alipofika Shimoni, mtaa haukuwepo. Palikuwa na tope jekundu, mbao za jukwaa zimechomoza kama mifupa ya samaki, na chini yake wachimbaji wote, na wanawake waliokuwa wakiwapikia.

Watu walikuwa bado wanakimbia huku na huku wakiita majina kwa sauti zao zisizo na kazi, wakati mnara wa vipaza sauti wa Ikulu ulipofunguka. Saa ya mwito ilikuwa imefika, na mwito haukuchelewa.

"Enyi watu wangu."

"Labeka," likasema koo la Siwema. "Labeka," wakasema waliokuwa wakilia, katikati ya kilio. Na kutoka chini ya tope, hapa na pale na kule, kwa sauti za kuzibwa na udongo: labeka, labeka, labeka.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. "Wazima! Wazima wote!"

Siwema alitaka kuamini. Miguu yake iliamini kabla yake, ikaanza kukimbia. Kisha akaona Bi Mboni amesimama pembeni na jembe la mumewe, hapigi kigelegele, na akakumbuka jeneza.

Bwana Msellem, Mkuu wa Miito, alishuka baadaye na mwavuli. Alikuwa mtu mpole, hata viatu vyake alivikanyagisha kwa adabu.

"Tunataka mashine za kuchimbia," Siwema akamwambia. "Haraka, bwana mkubwa. Ziko pale juu, tunaziona."

"Zile zimevishwa maua kwa ajili ya gwaride, binti yangu. Na kwa kanuni, mashine hutolewa kwa msiba. Msiba haupo. Nimesikiliza mwenyewe: hesabu imetimia, hapungui mtu. Aitikaye hajapotea."

"Maana yake ni wachimbwe! Jiwe lile linasema tuwachimbe!"

"Jiwe linasema hajapotea."

"Mzee Vuai je? Naye mlimhesabu?"

"Kama aliitika, alihesabiwa."

"Tumemzika."

Bwana Msellem akafikiri kidogo. "Hilo," akasema kwa huruma ya kweli, "ni jambo la kifamilia."

"Basi Mfalme awaite mmoja mmoja," Siwema akaomba, na magoti yake yalikuwa tayari kwenye tope. "Kwa majina, kama babu yake, Mfalme wa kwanza. Tujue kila mtu yuko wapi. Mikono tunayo."

"Mfalme ana wageni, binti yangu." Akageuza mwavuli, akapanda ngazi.

*

Siwema alibaki amepiga magoti. Watu walikuwa wakimtazama, na wote walikuwa wakifikiria jambo moja, kwa sababu habari ya jeneza ilikuwa imekwisha zunguka mlima mzima. Hakuna aliyethubutu kumwambia aite.

Adhabu ilikuwepo, lakini haikuwa hiyo iliyomzuia. Kilichomzuia ni kwamba sauti ile, kinywani mwake, haingekuwa tena mzaha. Angeita, na watu wangeitika bila kupenda. Angemfanyia mdogo wake alichofanyiwa Mzee Vuai.

"Punje haina habari, Siwema," Fundi Simai akasema. Alikuwa amekuja na sepetu, macho mekundu. "Nakwambia ukweli usije ukanilaumu. Aliyezimia na aliyekufa, kwake ni mmoja."

"Lakini mimi nilizimia. Nikatolewa."

"Ndiyo. Wewe ulitolewa."

Akasimama. Akatoa tumbo mbele, akakunja kidevu. Hakuna aliyecheka.

"Riziki... binti Omari."

"Labeka," pale penye sufuria iliyopinduka.

Wakachimba kwa majembe, kwa sahani, kwa kucha. Wakamfikia Riziki, mpishi, mikono bado imeshika mwiko. Kinywa chake kilikuwa kimejaa udongo mpaka meno hayaonekani. Amekufa tangu mwanzo.

Akaita wa pili. Akaitika. Wakachimba, wakamkuta vilevile. Wa tatu alikuwa yule kijana aliyecheka peke yake msibani, na walipomfuta uso shangazi yake akamwomba Siwema, "Basi, mwanangu, usiite tena. Usiite." Lakini mama wa mwingine akapiga kelele, "Ita! Bado wangu!" Mvua ilikuwa inazidi, na mikono inapungua nguvu.

"Machano..." Sauti ya Mfalme ikamkatika. Akaishika tena. "Machano bin Juma."

"Labeka."

Hatua chache tu. Chini ya ubao uliopasuka, sauti safi, karibu, kama mtu aliye chumba cha pili. Watu wakainuka na majembe wakaenda upande ule, kwa sababu walimpenda Siwema, na kwa sababu alikuwa amewaitia wao kwanza.

"Ngojeni," akasema.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho punje haikuwa nacho. Haikujua matusi.

"Wewe Machano!" akaita kwa sauti yake mwenyewe, ile ya sokoni, kali kama limau. "Masikio kama vipepeo vya jiko! Kitumbua changu uliiba ukadhani sijaona? Amka ulipe, mwizi wewe! Nijibu!"

Mvua tu.

"Nijibu hata upumbavu!"

Akageukia tope lote, akakusanya pumzi. "Na nyie Popo! Mchana kweupe mmelala, kama kawaida yenu! Nani kawaambia jua limezama? Wazazi wenu wenyewe hawajui kama nyie ni ndege au ni panya!"

Wakatega masikio, wakazuia pumzi. Na kutoka mbali, upande wa pili kabisa, karibu na korongo, kikaja kisauti chembamba, kinakwaruza, kimekasirika.

"...Kunguru... mwizi wa sabuni..."

Bi Mboni akaangusha jembe. "Kesi," akasema. Alikuwa mwanawe.

Majembe yalikuwa yale yale, watu ni wale wale, na tope lilikuwa linaendelea kuteleza. Upande mmoja Kesi wa Mzee Vuai, anayetukana. Upande mwingine Machano, aliyeitika kama Siwema mwenyewe alivyoitika uchangani, alipokuwa amezimia lakini yu hai. Watu wote wakamtazama yeye. Bi Mboni akaliokota jembe lake akalishika kifuani. Angesema neno moja, Siwema angejua pa kuiweka chuki yake. Hakusema.

"Korongoni," Siwema akasema. Kisha, kwa kuwa hawakusogea, akapiga kelele: "Hamkusikia? Anayetukana ndiye mzima! Korongoni!"

Wakakimbia. Yeye akabaki peke yake kwenye ubao uliopasuka, anachimba kwa mikono, anamtukana mdogo wake. Alimtukania miguu, akamtukania mapishi, akamtukania msichana wa mtaa wa juu aliyemkataa. Alipomaliza matusi ya kweli akatunga mengine. Alipoishiwa kabisa akawa anasema tu, "Machano. Machano. Nijibu, baba."

Kesi alitolewa na mguu umevunjika, anatapika matope na laana. Kisha watu wote wakaja kwa Siwema, wakauinua ubao.

Chini yake palikuwa na uwazi. Machano alikuwa amejikunja humo ubavu ubavu, na udongo uliokuwa mbele ya mdomo wake ulikuwa na umande wa pumzi. Kucha zake zilikuwa zimechubuka kwa kuparura. Shingo yake ilikuwa na joto.

Fundi Simai akaweka sikio kifuani, moyo haukupiga, akalibakisha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bado ana joto," akasema, akajuta kusema.

Bi Mboni akakaa kwenye tope kando ya Siwema. Hakumshukuru wala hakumpa pole. Alimshika tu mkono uliokuwa unatoka damu.

"Niitoe?" Fundi akauliza.

"Subiri."

Siwema akainama karibu na lile sikio kubwa, akaita jina la mdogo wake kwa sauti ya Mfalme, polepole, na Machano akamwitikia. Ilikuwa sauti yake kabisa. Ile ile ya asubuhi, imebaki kidogo tu icheke.

Ndipo Siwema alipoelewa kwa nini mtu anaweza kutaka kuitikiwa siku nzima, tena na yeyote, hata na maiti. Akaogopa.

"Itoe," akasema.

*

Hakuna aliyehutubia. Watu waliosimulia baadaye walitia hotuba, na bendera, na mtu mwenye sauti nzito. Ukweli ni kwamba waliifuta mikono, wakawafunika wafu kwa kanga na mapazia, wakaokota majembe, kwa sababu mtu hawezi kuacha jembe lake mvuani. Na walipokwisha kuyaokota, wakajikuta wanapanda ngazi badala ya kushuka.

Katikati ya ngazi mnara ukafunguka tena. Wageni walikuwa wameomba kusikia mara nyingine.

"Enyi watu wangu."

"Labeka," wakasema, na miguu haikusimama.

Walipita sokoni. Mtu mmoja alilipiga teke jiwe lenye maandishi, akaumia kidole, akaendelea. Mashine za kuchimbia zilikuwa zimepangwa kwenye gwaride, mashada ya maua yamelowa juu yake. Madereva wakateremka bila kuambiwa, wakaingia msururuni. Walinzi wa lango la kwanza walikuwa vijana wa Shimoni, na walitazama tope lililo miguuni mwa watu, wakajua ni la nyumba za nani. Lango likaachwa wazi.

"Enyi watu wangu."

"Labeka."

Kipaza sauti hakikuzimwa. Mlima wote ulimsikia Mfalme Mwinyikai akimgeukia mgeni wake, na kikombe kikigusa sahani. "Unawasikia?" akasema kwa furaha. "Leo wanaitika vizuri ajabu. Utadhani wako hapo nje."

Mlango wa Ikulu ulikuwa wa mbao za pwani, zilizopandishwa zamani kabla bahari haijazimeza, umejaa misumari ya shaba. Siwema ndiye aliyekuwa mbele. Angeweza kuita kwa sauti ya Mfalme, na walinzi wa ndani wangeitika wote. Alifikiri hivyo, akaacha. Akapangusa tope mdomoni. Akabisha, kwa sauti yake mwenyewe, kama jirani aliyekuja kuazima moto.

"Hodi."

Na Mfalme mwenyewe, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwa ametiwa punje kooni, akaitika kabla hajafikiri.

"Karibu."

Hakuna aliyecheka. Wakaingia.